Maji ya Masika, Lawama za Kiangazi

Machi 2001, mjini London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitoa ahadi ya aina ambayo wanasiasa huikwepa, kwa sababu ilikuwa na tarehe. Dunia ilikuwa ikijiandaa kwa mkutano mkuu wa maendeleo endelevu uliofanyika Johannesburg mwaka uliofuata, na kila nchi ilitaka kuonekana ina la kusema. La Tanzania lilikuwa hili: ifikapo 2010, Mto Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima.

Mwaka 2010 ulifika na mto ukakauka, kama ulivyokuwa ukikauka kila kiangazi tangu 1993. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha viboko walibanana kwenye madimbwi yaliyosalia, samaki wakafa, na wanyama wengine wakalazimika kutembea mbali kutafuta maji. Kuna miaka ukavu ulidumu wiki tatu, na kuna miaka ulipita miezi mitatu.

Ahadi ya mwanasiasa kupita tarehe yake bila kutimia si habari ya kumkosesha mtu usingizi. Kinachonivuta katika kisa hiki ni kwamba ahadi ile haikutolewa gizani. Wakati Sumaye anazungumza, kulikuwa na timu ya watafiti Usangu, sehemu ya juu ya mto huo, wakipima maji ya kila mto unaoshuka kutoka milimani, wakihesabu ng'ombe kutoka angani, wakichora ramani za mifereji ambayo hata halmashauri haikuijua. Sidhani kama kuna bonde jingine nchini lililochunguzwa kwa kina kiasi kile katika muda mfupi namna ile. Matokeo yalifika mezani. Kilichofuata baada ya kufika mezani ndicho kinachostahili kusimuliwa.

Usangu ni uwanda uliolala chini ya milima ya Uporoto na Kipengere, sehemu kubwa yake ikiwa wilaya ya Mbarali. Milimani mvua hufika milimita 1,600 kwa mwaka, uwandani haizidi sana 700, na yote huanguka kati ya Novemba au Desemba na Aprili au Mei. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha yenyewe hushuka na kukutana uwandani, kisha huingia kwenye kinamasi cha Ihefu. Hapo ndipo siri ilipo. Ihefu ni kama beseni lenye ukingo wa mwamba upande wa kaskazini mashariki, mahali panapoitwa Ng'iriama. Maji yakiwa juu ya ukingo, mto unaendelea na safari yake kuelekea hifadhini, halafu bwawa la Mtera. Yakishuka chini ya ukingo hata kwa kina kidogo, hakuna tone linalopita, ijapokuwa nyuma ya mwamba bado kuna kinamasi chenye nyasi mbichi, ndege na kambale.

Watu wamekuwa wakichepusha maji ya uwanda huu kwa muda mrefu. Kilimo cha mpunga wa umwagiliaji kilianzishwa enzi za mkoloni na familia za Kibaluchi, na Wasangu na wahamiaji kutoka milimani wakakidaka. Baada ya uhuru serikali yenyewe ikaingia kwa kishindo. Shamba la Mbarali lilijengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970, likafuata la Kapunga, kisha Madibira. Pembeni ya mashamba hayo makubwa wakulima wadogo walichimba mifereji yao, wakajenga mabanio ya magogo na mawe, wakalima majaruba hadi kwenye nyasi za malisho. Mwaka ukiwa mzuri, eneo linalolimwa mpunga Usangu hufika hekta 40,000. Wali unaoliwa Dar es Salaam siku ya harusi una nafasi kubwa ya kuwa umetoka huko, na mara nyingi anayeula ni yuleyule anayelalamika umeme ukikatika.

Maana umeme nao unatoka kwenye mto huohuo. Kituo cha Kidatu, chenye megawati 204, kilianza kazi 1975. Juu yake likajengwa bwawa la Mtera, lililokamilika 1980 kwa kazi moja tu: kutunza maji ya masika ili Kidatu isipungukiwe kiangazi. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ikaongezwa 1988. Kwa miaka mingi vituo hivyo viwili vilibeba sehemu kubwa ya umeme wa gridi ya taifa. Basi Mtera ilipokauka mwanzoni mwa miaka ya 1990 na nchi ikaingia kwenye mgao, lazima apatikane mtu wa kulaumiwa. Hakutafutwa mbali. Juu ya bwawa kuna wakulima wanaochepusha maji, na kuna wafugaji wenye ng'ombe wengi, Wasukuma, Wamasai na Wabarabaig, ambao kwa macho ya mtumishi wa serikali ni wageni popote walipo. Mto unakauka, bwawa linakauka, taa zinazimika. Mlolongo ulikuwa rahisi, ukasemwa redioni, bungeni na kwenye warsha hadi ukawa elimu ya kawaida.

Mradi wa kwanza mkubwa wa utafiti, uliofadhiliwa na Uingereza na kujulikana kwa kifupisho SMUWC, ulifanya kazi kuanzia 1998 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ulifuatiwa na RIPARWIN, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji na Chuo Kikuu cha East Anglia. Humo walikuwamo akina Henry Mahoo, Japhet Kashaigili, Makarius Machibya na Bruce Lankford. Kazi yao ya msingi ilikuwa kuukata ule mlolongo vipandevipande na kupima kila kipande peke yake.

Kipande cha kwanza kilithibitika, na hapa watetezi wa wakulima wasitie pamba masikioni. Kashaigili na wenzake waliupitia mwenendo wa maji tangu 1958 hadi 2004 wakaona kwamba maji yanayoingia Ihefu miezi ya kiangazi, Julai hadi Novemba, yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 70. Kinamasi cha kiangazi kilikuwa kimesinyaa kwa takriban asilimia 40. Sababu kuu haikuwa mvua. Ilikuwa mifereji. Mabanio yaliachwa wazi hata baada ya mpunga kuvunwa, maji yakitiririka kwenye majaruba yasiyo na kitu, yakipotea kwa jua ama yakitumika kwa bustani ndogo, kufyatua matofali na matumizi ya nyumbani ya vijiji ambavyo havikuwa na bomba. Anayesema mto ulikauka kwa sababu ya watu wa juu anasema kweli.

Kipande cha pili ndicho kilichovunjika. Je, maji hayo ya kiangazi ndiyo yaliyokosekana Mtera?

Hesabu yake haihitaji digrii. Kwa mujibu wa modeli ya kina Kashaigili, ili hifadhini ipite angalau nusu mita ya ujazo kwa sekunde wakati wa kiangazi, lazima Ihefu ipokee takriban mita 7 za ujazo kwa sekunde, ambayo ni karibu mara mbili ya ilichokuwa ikipokea. Pungufu, basi, ni kama mita tatu na nusu. Tuseme wakulima wote wamefunga mabanio kwa siku 150, na pungufu lote limerudi mtoni. Hiyo ni kama mita za ujazo milioni 45. Mtera ina uwezo wa kutunza takriban bilioni 3.2. Yaani maji yote ya ugomvi, yangefika bwawani bila kupungua hata ndoo moja, yangekuwa chini ya asilimia moja na nusu ya bwawa. Lakini hayafiki. Ihefu inayanywa karibu yote, na kinachovuka mwamba wa Ng'iriama, ile nusu mita, kwa siku 150 ni kama milioni sita na nusu: asilimia 0.2. Na bwawa lenyewe likijaa lina eneo linalozidi kilomita za mraba 600. Ukikadiria kwamba jua la Dodoma na Iringa linafyonza milimita tano tu kwa siku, Mtera inapoteza angani mita za ujazo milioni tatu kila siku. Zawadi yote ya wakulima wa Mbarali kwa shirika la umeme, TANESCO, baada ya kiangazi kizima cha kufunga mabanio, ingeyeyuka kwa siku mbili na ushei.

Mtera hujazwa na masika. Hujazwa na mafuriko ya Februari, Machi na Aprili, miezi ambayo mifereji huchukua maji mengi, hilo halina ubishi, lakini mto nao huwa umefura kiasi kwamba mabanio ya magogo huchukuliwa na maji. Na tena haijazwi na Usangu peke yake. Ruaha Mdogo unaotoka Iringa na Mto Kisigo nayo inaleta sehemu yake. Basi kwa nini bwawa lilikauka? Machibya, Lankford na Mahoo walitoa andiko 2003 lililouliza waziwazi kama ushindani kati ya mpunga wa Usangu na umeme wa Mtera na Kidatu ni wa kweli au wa kufikirika. Mwaka huohuo watafiti waliohusiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha modeli ya mabwawa hayo mawili, na kidole kikaelekea mahali ambapo hakuna aliyezoea kukielekeza: namna mabwawa yenyewe yalivyokuwa yakiendeshwa, maji yakifunguliwa bila kulingana na mahitaji ya mitambo ya chini.

Kwa lugha ya mtaani, mwenye duka alikuwa akimlaumu jirani kwa upungufu wa sanduku lake la fedha.

Kwa hiyo kulikuwa na matatizo mawili, si moja. La kwanza ni la kiangazi: viboko, samaki, Ihefu, watalii, vijiji vya chini visivyo na maji ya kunywa. Hilo ni la kweli, na dawa yake iko kwenye mabanio. La pili ni la masika na la bwawa: mvua ya mwaka, ratiba ya kufungua milango, mahitaji ya umeme yanayokua kuliko mto, na dawa yake iko kwenye ofisi za Dar es Salaam zaidi kuliko mashambani Mbarali. Ripoti zilisema hivyo kwa kurasa nyingi. Tatizo la kwanza lina ndege wa kupendeza lakini halina kura wala wapiga kelele mjini. La pili lina mamilioni ya watu wenye friji. Ili la kwanza lisikilizwe ikulu, wengi waliopenda hifadhi waliona afadhali liendelee kuvaa nguo za la pili. Sizungumzii njama. Ni jinsi tu hoja inavyochagua gari linalofika haraka.

RIPARWIN walijaribu njia nyingine ya kupeleka utafiti kwa watu, na naipenda kuliko zote. Lankford alitengeneza ubao wa mbao uliolazwa kwa mteremko, ukachongwa mto katikati na mifereji pembeni, na kwenye mifereji vishimo vinavyowakilisha mashamba. Maji ni gololi. Wakulima wa juu, wa kati na wa chini husimama kuuzunguka, kila mmoja na vijiti vyake vya kujengea banio, na gololi huachiwa kutoka juu. Duru ya kwanza kila mtu hujichukulia: wa juu wanajaza mashamba hadi gololi zinamwagika, wa chini wanabaki wameshika vijiti. Baada ya hapo mabishano huanza, ya kweli, kwa majina ya mito ya kweli. Ubao ulitumika vijijini Usangu, na wakulima wakatoka na mambo ambayo mtaalamu hakuyaandika popote: zamu za usiku na mchana, nani afunge siku gani, kamati ya nani imlipishe nani faini. Watu wale walikuwa na zamu zao tangu zamani kwenye mfereji mmoja. Kilichokosekana ni zamu kati ya mfereji na mfereji, na kati ya mto wa juu na wa chini.

Wakati wakulima wanahesabu gololi, serikali ilikuwa na mfumo wake. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kuanzia katikati ya miaka ya 1990, ilisajili haki za maji na kutoza ada, na ikajenga mabanio ya zege yenye milango ya chuma. Vyote viwili vilionekana kuwa maendeleo. Watafiti walifuatilia wakakuta haki hizo zimeandikwa kwa lita kwa sekunde, kiasi kimoja cha karatasi, wakati mto hubadilika wiki kwa wiki. Kiangazi jumla ya haki zilizotolewa ilizidi maji yaliyomo. Mkulima aliyelipia aliamini amenunua, kwa hiyo alifungua lango lote. Banio la magogo lilikuwa likivuja, na mvujo ule ndio uliokuwa maji ya jirani wa chini. Zege halivuji. Barbara van Koppen na wenzake waliandika 2004 kwamba ukusanyaji wa ada kwa wakulima wadogo uligharimu kuliko ulichoingiza, na magomvi yakaongezeka. Haya si makosa ya mtu mwovu. Ni matokeo ya kuchukua dawa ya mto mmoja na kuinywesha mto mwingine.

Sasa tufike 2006. Mvua zilikuwa zimekosekana, Mtera ikashuka, mgao wa umeme ukawa wa saa nyingi kwa siku, viwanda vikasimama. Ni ukame huohuo uliozaa ule mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, uliomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Lakini kabla ya Bunge kuufikia mkataba, serikali ilikwishawafikia wafugaji. Machi 2006 yalitangazwa maagizo ya kuhifadhi vyanzo vya maji, na miezi iliyofuata mifugo ikaondolewa Usangu kwa nguvu. Ng'ombe walisafirishwa na kuswagwa kwenda mikoa ya Lindi na Pwani, wengi wakafa njiani, watu wakatozwa faini, na malalamiko yakawa mengi hadi Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Othman Chande kuchunguza zoezi hilo. Mwaka 2008 mpaka wa Hifadhi ya Ruaha ukasogezwa kuimeza Ihefu na pori la akiba la Usangu, hifadhi ikafikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na vijiji kadhaa vya Mbarali vikajikuta ndani ya ramani. Ugomvi wa mpaka huo, unaojulikana wilayani kwa namba ya tangazo lake, GN 28, umeingia hata kwenye chaguzi.

Nini utafiti ulikuwa umesema kuhusu ng'ombe? SMUWC walihesabu kwa ndege, wakakuta mifugo michache mno kuliko idadi iliyokuwa ikitajwa kwenye hotuba. Wakasema wazi kwamba kukauka kwa mto hakutokani na kwato. Ng'ombe hunywa, hukanyaga kingo, hugombania malisho na mkulima, na hayo yote yana uzito wake mahali pake. Lakini maji ya kiangazi yalikuwa yanachukuliwa na mifereji. Martin Walsh, mwanaanthropolojia aliyekuwa katika timu ile, baadaye aliandika kwa uchungu jinsi ripoti zilivyosomwa kinyume. Serikali ilikuwa na orodha ya wahusika na vipimo vya kila mmoja. Ikamchagua aliyekuwa na kipimo kidogo kuliko wote. Mkulima wa mpunga analisha taifa na ana diwani. Shamba kubwa lina mwekezaji. Mfugaji ana fimbo.

Kisha mto wenyewe ukatoa jibu. Oktoba 2015, miaka minane na zaidi baada ya ng'ombe kuondoka, maji ya mabwawa yalishuka hadi vituo vya umeme wa maji vikafungwa kimoja baada ya kingine, Mtera kikiwamo, na nchi ikaokolewa na gesi ya Mtwara iliyokuwa imeanza kufika Dar es Salaam mwaka huohuo. Mwishoni mwa 2022, mgao tena, na lawama zilezile juu ya watu wa Mbarali zikafufuliwa karibu neno kwa neno. Mtu anayefuatilia sera za nchi hii angeweza kubadilisha tarehe tu kwenye habari za 1995 akazichapisha upya.

Nisiwe mkali upande mmoja. Kuna mahali utafiti uliingia kwenye sheria na kukaa. Sera ya Maji ya 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 zimeweka mazingira nafasi ya pili baada ya maji ya binadamu ya nyumbani, mbele ya umwagiliaji na mbele ya umeme. Katika nchi inayopenda mabwawa kama hii, hilo si dogo, na kazi za Usangu zilichangia kulifanya lieleweke. Jumuiya za watumia maji zimeandikishwa, ofisi ya bonde iliyoko Iringa inafunga baadhi ya mabanio kiangazi. Na Kihansi, ndani ya bonde hilihili la Rufiji ambamo Ruaha humwaga maji yake, kuna kielelezo kinachotajwa vyuoni kote duniani.

Mwaka 1996, wakati kituo cha umeme cha megawati 180 kinajengwa kwenye korongo la Kihansi, wanasayansi wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyetaga bali kuzaa, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko hayo tu na si penginepo popote ulimwenguni. Bwawa lilipoanza kazi, karibu asilimia 90 ya maji ya korongo yalielekezwa kwenye handaki. Vyura karibu 500 wakapelekwa Marekani mwishoni mwa 2000. Mabomba ya kunyunyizia yakafungwa korongoni, TANESCO ikalazimika kuacha maji fulani yapite, lakini 2003 idadi yao ikaporomoka, ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukitajwa miongoni mwa sababu, na 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Tangu 2012 wamekuwa wakirudishwa. Utafiti ulisikilizwa, pesa zikatumika, sheria ikafuatwa. Ulichelewa tu: zege lilikuwa limekwisha kumwagwa wakati chura anapewa jina la kisayansi.

Watafiti wa Usangu nao wana deni. Ripoti zao zilikaa kwa Kiingereza, kwenye majuzuu mazito. Miradi iliisha kwa ratiba ya wafadhili, timu zikatawanyika, na waliobaki wizarani waliozisoma wakahamishwa au kustaafu. Mradi uliofuata ulianza upya kana kwamba hakuna aliyewahi kupima kitu. REGROW, mradi wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 ulioidhinishwa 2017, ulikuwa na kipengele cha maji ya juu ya Ruaha, kwa maana ya umwagiliaji wenye ufanisi. Malipo yake yalisimamishwa Aprili 2024 kutokana na madai ya ukiukwaji wa haki za wanavijiji jirani na hifadhi, na kabla mwaka haujaisha ukafutwa. Yale ya mabanio yakaondoka na yale ya askari wa hifadhi.

Nalo hilo neno tamu la ufanisi lina mtego ambao watafiti waliueleza mapema. Maji yanayovuja kutoka jaruba la juu si lazima yamepotea. Mengi humfikia mkulima wa chini. Ukimwezesha wa juu kutumia kidogo kwa hekta moja, mara nyingi hatayaachia maji mtoni. Ataongeza hekta ya pili. Mkulima yeyote wa Chimala anaelewa hili, kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe angefanya. Bila makubaliano ya nani anapata yaliyookolewa, mfereji uliosakafiwa ni njia ya kupanua shamba kwa mkopo wa serikali.

Siku hizi macho ya nchi yamehamia chini zaidi. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, megawati 2,115, liliwasha mtambo wa kwanza Februari 2024 na wa tisa 2025. Kwa ukubwa huo, Mtera na Kidatu vimekuwa vituo vya pembeni, na hoja ya kwamba wakulima wa Usangu wanazima taa za taifa ilipaswa kufa kifo cha kawaida. Haijafa. Imesikika tena, mara hii kwa jina la bwawa jipya, ijapokuwa Ruaha Mkuu huchangia kama asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji. Luwegu hutoa kama 18. Zaidi ya asilimia 60 hutoka Kilombero.

Kilombero ni bonde la mpunga na miwa, lenye ardhioevu iliyoingizwa kwenye orodha ya Ramsar 2002, wakulima wanaoongezeka, mashamba makubwa yanayopanuka, na wafugaji ambao wengine walifika huko baada ya kufukuzwa Usangu. Mwaka 2012 mifugo iliondolewa huko pia, kwa operesheni iliyofanana na ile ya 2006. Miaka inakuja ambayo mvua itakosekana na maji ya bwawa la Nyerere yatashuka, kwa sababu hakuna bwawa lisiloshuka. Siku hiyo maswali ya kuuliza yanajulikana: maji yaliyopungua ni ya msimu gani, yalipimwa kituo gani, milango ya bwawa ilifunguliwa kwa ratiba ya nani, na kila mtumiaji wa juu alichukua mita ngapi za ujazo mwezi gani. Usangu ilichukua karibu miaka kumi na mamilioni ya pauni kuyajibu. Vituo vya kupimia maji vya Kilombero vilianza kujengwa miaka ya 1950, wakati shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa lilipochunguza bonde lote la Rufiji, na vingi havikutunzwa. Kuvikarabati na kumlipa mtu wa kusoma kipimo asubuhi na jioni kunagharimu sehemu ndogo sana ya bei ya mtambo mmoja, na bajeti ya kazi hiyo inahitaji kupitishwa mwaka ambao mvua ni nzuri na hakuna anayeizungumzia.